Swali la Tisa

Shemeji yangu ni kinyozi, na kinyozi wa kweli hamwulizi mtu swali usoni. Hilo alinifundisha mwenyewe zamani, nilipokuwa nikikaa kwenye benchi lake kusubiri zamu na kumchokoza. Mteja akishakaa kitini unamfunga shuka shingoni, unasimama nyuma yake, unaanza na kisogo. Ukitaka kujua jambo, unaliuliza kwenye kioo. Mtu ambaye mikono yake imefunikwa na shuka, kichwa hawezi kukigeuza, na anayetazamana na uso wake mwenyewe, huyo ataongea tu. Nimewaona wanaume wenye vyeo vyao wakimwaga siri za nyumba zao kwenye kile kiti, na yeye anaitikia, "Taratibu, taratibu," usijue anamwambia mteja au anauambia mkasi. Mtaa mzima ukamwita Taratibu. Jina lake la kuzaliwa hata mimi nilikuwa nimelisahau mpaka nilipoanza kuliandika kwenye karatasi za hospitali.

Amemwoa dada yangu mkubwa, kwa hiyo utani kati yangu na yeye ni haki yetu na kwa miaka mingi hatukuacha ulale. Mimi nilikuwa karani wa ghala hadi nilipostaafu. Katika ukoo wetu, karatasi yoyote yenye visanduku vya kutia alama huletwa kwangu, na mgonjwa yeyote anayekwenda kuonana na daktari hupewa mimi nimsindikize, eti kwa kuwa nina mdomo. Kweli ninao. Nasimulia haya kwa sababu mdomo huo ulijifunga siku uliyotakiwa kufunguka.

Goti lake la kulia lilianza kumsumbua miaka minane iliyopita. Kinyozi anasimama kutwa, tena anamzunguka mtu, na goti lilimkatalia kuzunguka. Basi akawa anakizungusha kiti badala yake, mteja anageuzwa kama chungu kwenye gurudumu la mfinyanzi. Goti likazidi. Akaanza kuegemea mkono wa kiti kwa upande wa kushoto, na upande wa kulia akawa anaufikia kwa kunyoosha mkono tu. Matokeo yake, vichwa vya mtaa wetu vikawa na nywele ndefu upande wa kulia.

"Siku hizi wateja wako nawatambua hata nikiwa ng'ambo ya barabara," nilimwambia.

"Na wewe je? Upara wako nao umeinama," akanijibu.

Huo ndio ulikuwa utani wa mwisho kutoka kwake ninaoukumbuka. Wateja walimpenda, hawakumlalamikia. Walipungua tu, mmoja mmoja, kwa heshima, na hilo lilimuuma kuliko kulalamikiwa.

Tena kinyozi hajinyoi. Yeye kila Jumatatu alikwenda kunyolewa na kinyozi mwenzake wa mtaa wa pili, kisha naye akamnyoa huyo mwenzake, wakanywa chai, wakaagana. Walinyoana hivyo kwa miaka thelathini. Mwenzake alipofariki, Taratibu alikwenda kumnyoa kwa mara ya mwisho, akarudi nyumbani, akaviosha vyombo vyake kimoja kimoja. Redio iliyokuwa kwenye rafu ya duka lake ikaishiwa betri wiki hiyohiyo, na hakununua betri nyingine.

Dada aliliona kabla yangu. Alikuja kwangu akakaa ukingoni mwa kiti bila kuvua kilemba.

"Mdogo wangu, mume wangu yupo lakini hayupo," alisema. "Namwekea chakula ananishukuru, halafu anakitazama tu."

"Ni goti hilo, dada. Akibadilishwa goti utamkimbiza wewe."

"Mimi sisemi goti. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikamwambia asiniletee methali za matanga mapema yote hiyo. Nilikuwa na hakika zangu. Mtu anaumwa goti, atolewe goti bovu, awekewe zima, kwisha maneno. Ghalani tulifanya hivyo na kila kitu.

Shemeji alikuwa amesubiri miaka miwili jina lake lifikiwe kwenye orodha ya upasuaji. Siku ya kupimwa tulikaa kwenye korido, kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja hivi kwamba mmoja akijigeuza wote mnatikisika. Muuguzi akatuletea fomu na kalamu iliyofungwa kamba. Ukurasa wa kwanza uliuliza kisukari, presha, dawa. Wa pili ulikuwa na maswali tisa ya namna nyingine kabisa. Unalala vizuri? Unakula? Unajiona huna thamani? Kila swali na visanduku viwili, ndiyo na hapana.

Nilikuwa nimesikia mahali, wala sikumbuki kwa nani, kwamba mtu akionekana ana mawazo mazito hutolewa kwenye orodha na kuambiwa arudi akiwa sawa. Nikamsogelea sikioni.

"Shemeji, hapa tusilete hadithi. Unalala, unakula, una furaha kama mtoto wa shule siku ya kufunga. Tunataka goti, sawa?"

"Sawa," akasema.

Nikawa nasoma, naye anajibu huku ameutazama ukuta. La tatu liliuliza kama amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza maneno marefu, lakini mimi nilikuwa nimeshatia alama. La nne, la tano, mpaka la nane, kila jibu lile lile. Kisha nikaliona la tisa. Liliuliza kama mgonjwa amewahi kufikiri ni afadhali asingekuwepo duniani.

Nililisoma kwa macho. Utamwulizaje mume wa dada yako swali kama hilo, kwenye korido, huku mama mmoja pembeni anamenya chungwa? Hicho ndicho kisingizio nilichojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa atakavyojibu. Nikatia alama kwenye hapana mimi mwenyewe, nikakunja fomu, nikampelekea muuguzi, na nikarudi nikimpiga kofi la mgongo shemeji yangu kumwambia tumefaulu mtihani.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari wa mifupa alituonyesha picha ya eksirei kwa fahari ya seremala aliyemaliza mlango. Chuma kimekaa, mfupa umekishika, kidonda kinafunga. Alisema wiki sita atatembea bila fremu ya kushikilia, na miezi mitatu atarudi kazini.

Wiki ya sita ilimkuta kitandani, amegeukia ukuta. Fremu ya kutembelea ilisimama pembeni imetundikwa shati, kama kwamba ilinunuliwa kwa kazi hiyo. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemfundisha kuweka mfuko wa plastiki chini ya kisigino ili uteleze kwenye shuka, kisha avute mguu kuelekea makalio, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Dada alikuwa akiutandika ule mfuko kila siku, na kila siku akiukuta ulivyokuwa, haujakunjamana. Maumivu hayakuondoka. Alisema si yale ya zamani, haya yalikaa ndani zaidi na hayakuwa na mahali, mara gotini, mara pajani, mara mwili mzima. Nilimjibu kwamba chuma hakiumi. Ndivyo nilivyomwambia, mimi mwenye magoti yangu mawili ya kuzaliwa nayo.

Ndevu zikaota. Kwa mtu mwingine ndevu ni ndevu, lakini yule alikuwa kinyozi, mtu ambaye kidevu chake kilikuwa ndicho kibao cha duka. Zilitoka nyeupe, zimechanganyikana na uji uliokauka ambao hakujali kuufuta. Siku moja ziliniudhi hadi nikapasuka.

"Hivi wewe huoni aibu? Watu wanalia kwa kukosa goti kama hilo, wewe umelipata, umelilaza kama mtoto mchanga! Dada yangu atakubeba mpaka lini?"

Hakugeuka. "Kweli, shemeji," alisema. "Nisamehe."

Afadhali angenitukana. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, nikaipeleka kwa kuku waliokuwa uani.

Wiki hiyo dada alinifuata jikoni na kunionyesha kitu alichokifunga kwenye kanga. Zilikuwa nyembe za dukani, zote, na ule wa kukunja wenye mpini wa mfupa ambao Taratibu aliurithi kwa aliyemfundisha kazi. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, mlango mmoja tu unalitenga na sebule. Hakuniambia kwa nini amezitoa, nami sikumwuliza. Alizifungia kabatini mwake, ufunguo akautia kifuani. Ndipo nami nilipoliona swali la tisa jinsi lilivyo, na alama yangu ya hapana juu yake.

Kliniki ya miezi mitatu, daktari alilikunja lile goti na uso ukamshuka. Halikufika hata nusu ya mkunjo uliotakiwa. Akasema likiachwa hivyo litaganda, na likiganda hatasimama tena nyuma ya kiti cha mtu. Shemeji aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza habari za mtu wa mbali. Aliulizwa hali, akasema nzuri. Aliulizwa maumivu, akasema ya kawaida.

Muuguzi yule yule wa siku ya fomu aliniita pembeni. Alikuwa ameshika jalada limefunguliwa kwenye ule ukurasa wa pili.

"Baba, hapa inaonyesha alipokuja hakuwa na shida yoyote ya moyo kuelemewa. Ni kweli?"

Nikasema ndivyo tulivyoandika.

"Nauliza kwa sababu wazee walioumwa viungo kwa miaka mingi, wengi wao huja hapa wameshachoka rohoni. Sonona tunaiita. Tukijua mapema, tunamwanzishia msaada wake pamoja na upasuaji. Asipopata, goti linaweza kupona yeye akabaki palepale."

"Hamuwarudishi nyumbani?" nilimwuliza. "Hamuwatoi kwenye orodha?"

Alinishangaa. "Tumrudishe mtu kwa kuwa ana huzuni? Nani alikwambia hivyo?"

Sikuwa na jina la kumtajia. Nilipaswa kumwambia pale pale kwamba majibu yale ni yangu; sikumwambia. Akanipa fomu mpya. "Mkajaze nyumbani kwa utulivu. Ajibu mwenyewe. Alhamisi mrudi naye."

Jumanne nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda chake, nikamsomea. Hapana, hapana, hapana. Alikuwa anayajua yote kwa kichwa, hakungoja hata nimalize. Nikafika la nne nikaikunja fomu. Alikuwa ananijibu nilivyomfundisha.

Jumatano nilifungua duka. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu, kioo kimekuwa kijivu, benchi la wateja limejaa magunia ya nguo za dada. Nilifuta kioo kwa kiwiko. Sikuwa na mpango wa maana. Nilijiambia tu nijinyoe hizi nywele chache zilizonizunguka upara, nimsikizishe sauti ya mashine, labda itamfanya akumbuke. Nikaichomeka kwenye umeme, nikaiwasha. Ikalia kama mbuzi anayechinjwa kwa kisu butu.

"Zima!" ilitoka sauti chumbani. Sikuwa nimemsikia na sauti kali kama ile kwa miezi. "Zima hiyo mashine! Haijatiwa mafuta, utaiunguza!"

Sikuzima. Mimi nami nina kichwa kigumu. Nikasikia shati likianguka chini, kisha fremu ikigonga sakafu, kisha kimya, kisha ikagonga tena. Kutoka kitandani hadi dukani ni hatua kumi na nne, nimezipima baadaye. Alitumia muda ambao mtu angechemsha chai na kuinywa. Dada alikimbilia kumshika, nikamwashiria amwache. Alipotokea mlangoni alikuwa amelowa jasho, midomo imekuwa myeupe, ananiangalia kama anayemtazama mwizi.

Akaipokea mashine, akaitia mafuta matone matatu, akaisikiliza. Miguu ikaanza kumcheza. Benchi lilikuwa na magunia, na kiti cha kukalia kilikuwa kimoja tu. Katika miaka arobaini na moja ya ushemeji wetu sikuwahi kumwona amekikalia. Alikikalia.

Nikamfunga shuka shingoni kabla hajasema kitu. Nikasimama nyuma yake na kuanza na kisogo.

"Hujui hata kuishika," alisema.

"Najua. Vumilia."

Macho yake yalikuwa yakizunguka kwenye kioo, yakiangalia rafu iliyo nyuma yetu. Chanuo, brashi, chupa ya spiriti, poda. Yakafika pale nyembe zilipokuwa zikikaa na yakasimama.

"Nyembe ziko wapi?"

"Dada ameziweka."

Nilikuwa naogopa kuinua mkono. Halafu akasema polepole, "Amefanya vizuri."

Nilijifanya napuliza nywele kwenye mashine ili nipate kupumua. Kisha nikaitoa fomu mfukoni, nikaitandaza juu ya kichwa cha kiti nyuma ya shingo yake, nikamwuliza la kwanza. Nilimwuliza kwenye kioo. Kama analala.

"Silali," alisema. "Nafumba macho ili dada yako alale."

Nikamwuliza la pili, la tatu. La tatu ndilo lile la hamu. Alizungumza juu ya mwenzake wa mtaa wa pili, jinsi Jumatatu zilivyokuwa zikimfikia tangu alipofariki, akaeleza kwamba kinachomwumiza si kufa kwake, ni kwamba hakuna tena mtu anayemshika kichwa. Alizungumza juu ya wateja walioondoka kwa heshima. Alisema aliingia kwenye upasuaji akijua hauwezi kumponya, na alipoamka akaona watu wote wamefurahi, akaona aibu kuwaharibia. Machozi yalikuwa yakimshuka na mikono iko chini ya shuka, hakuweza kuyafuta, nami sikumfutia kwa sababu nilikuwa na yangu. Mashine nilikuwa nimeshaiweka chini. Dada alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Nikafika la tisa. Nikaanza kuikunja karatasi.

"Endelea," alisema kwenye kioo.

Nikalisoma, lote, kwa sauti. Kama amewahi kufikiri kwamba ni afadhali asingekuwepo duniani.

"Ndiyo," alisema. "Si kila siku. Lakini ndiyo. Tangu kabla ya goti jipya."

Niliweka alama. Kalamu ilitoboa karatasi. Nikaona kama siwezi kuendelea kusimama nyuma yake na lile jambo langu tumboni.

"Shemeji, siku ile kwenye korido, hili swali..."

"Hukuniuliza. Najua."

"Unajuaje?"

"Ulinisomea maswali manane, kalamu ikakwaruza mara tisa. Mimi nimeishi kwa kusikiliza kazi ya mikono nyuma ya vichwa vya watu. Nikajua kuna moja umeliruka, na nikajua ni lipi, kwa sababu ndilo nililokuwa nalingoja."

"Mbona hukusema?"

Alinitazama kwenye kioo, na sikuona hasira mle, ndiyo maana ilinichoma hivyo.

"Yale manane ulikuwa umeshaniomba nidanganye, nikakudanganyia," alisema. "Hilo moja ungeniuliza, ningekwambia kweli."

Dada alikuja akapiga magoti, akamshika ile miguu yote miwili, ule mzima na ule mwingine. Nilimwuliza shemeji kama kesho, Alhamisi, nimsomee muuguzi majibu au ampe tu ile karatasi. Akasema tumpeleke, atasema mwenyewe, ila nisimame nyuma yake. Kisha akajitazama kwenye kioo, akageuza kichwa kidogo, akaniambia upande wa kulia nimeuacha mrefu. Nikaichukua mashine nikaanza tena.